Shangazi, mwalimu anataka nikafundishe Kwanzaa!

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi kwetu Tanga ila sa hivi niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa pili. Binti yangu yuko darasa la pili na tangu watoke ile likizo ya Thanksgiving yaani begi lake linarudi na makaratasi kila siku mpaka nachanganyikiwa. Mara siku ya kwenda shule na nguo za kulalia (bibi yake akiiona hiyo picha si atanipigia simu usiku wa manane), mara siku ya sweta la vituko, mara walete paketi tupu za maziwa wajengee nyumba za biskuti, mara kuna shoo ya nyimbo, halafu juzi ananiambia darasani kwao kuna elfu anatoroka kila usiku, mi nikajua wameanza hesabu za maelfu kumbe ni “elf”, kidoli cha Krismasi! Sasa wiki hii mwalimu kanitumia meseji, anasema kwa vile nyumbani tunaongea Kiswahili anaomba nije dakika 20 niwaeleze watoto Kwanzaa. Shangazi, mi Kwanzaa naisikia tu, sijawahi kuisherehekea hata siku moja. Mume wangu anasema hiyo sikukuu ina wenyewe, sisi Waislamu halafu Watanzania inatuhusu nini, nikatae. Na mtoto ameshatangaza darasa zima kwamba mama anakuja. Nifanyeje?
Mama wa Darasa la Pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka hiyo ya elfu mpaka chai imenipalia. Na mimi nilipitia hukohuko, mwanangu wa kwanza nilisoma karatasi harakaharaka nikampeleka na pajama za madainosa Alhamisi wakati siku yenyewe ni Ijumaa, mtoto akashinda darasani na koti limefungwa zipu mpaka kidevuni, joto lote lile la hita, hataki kulivua. Kwaiyo la kwanza kabla ya yote, piga picha ile kalenda ya Desemba ibandike kwenye friji. Hizi wiki tatu za mwisho ndo hivyo, walimu wenyewe wanajua watoto vichwa vishahamia likizo, nje baridi mara nyingine hata mapumziko wanafanyia ndani, sasa wakiwaachia hesabu tupu darasa litapasuka.

Haya tuje Kwanzaa. Mumeo ana pointi, si sikukuu yetu, na ukienda usijifanye ni yetu. Iliasisiwa na Maulana Karenga kule California mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya zile vurugu za mtaa wa Watts mjini Los Angeles, akitaka Wamarekani weusi wawe na sikukuu inayowarudisha kwenye asili yao. Inaanza tarehe 26 Desemba inaisha tarehe 1 Januari. Siyo ibada, wapo Wakristo wanaoisherehekea na Waislamu pia, kwaiyo hilo mtoe wasiwasi. Na Kiswahili alikichagua kwa makusudi ingawa mababu wa wengi wao walichukuliwa Afrika Magharibi, upande wa pili kabisa wa bara, kwa sababu ni lugha isiyo ya kabila moja. Jina limetoka kwenye matunda ya kwanza, yaani malimbuko, na ile a ya pili mwishoni inasimuliwa kwamba kulikuwa na watoto saba kila mmoja anataka herufi yake, neno likawa na herufi sita, ikabidi waongeze moja. Hiyo waambie watoto, wataipenda.

Sasa fikiria, mwalimu anasimama mbele ya watoto wa miaka saba na maneno ya Kwanzaa kama kujichagulia, ujima, kuumba, ulimi unamgongana, na binti yako amekaa pale pembeni anayasikia yanavyovunjwavunjwa. Wewe unayasema usingizini! Mi naona uende. Waambie wazi kwamba kwetu Tanga hatuna Kwanzaa, ila maneno haya ni yetu na tunayatumia kila siku, halafu uwaonyeshe yanavyotamkwa na yanavyotumika. Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani, siku saba kila siku na lake. Na kuna kitu kitakuchekesha, wakati wa Kwanzaa mtu akikuuliza “Habari gani?” hujibu nzuri, unajibu neno la siku hiyo. Mi mara ya kwanza nimeulizwa nikajibu “Nzuri tu mama, za kwako?” yule mama akanitazama kama nimefeli mtihani.

Lakini kitu kikubwa ulichonacho wewe ni mkeka. Kwenye Kwanzaa vitu vyote vinapangwa juu ya mkeka, kinara cha mishumaa saba (mweusi katikati, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia), mahindi, mazao, kikombe cha umoja, zawadi. Na darasani hapo nakuhakikishia watasuka mikeka ya karatasi, vipande vyeusi vyekundu na vya kijani, juu chini juu chini, gundi imejaa mpaka kwenye nywele. Sasa wewe mtu wa Tanga huna mkeka nyumbani? Hata ule uliosimamishwa nyuma ya mlango? Ubebe. Utandike chini, wavue viatu wakae, waushike ule ukindu kwa vidole, uwaonyeshe ukili unavyounganishwa na mwingine mpaka mkeka unapanuka. Wakitoka hapo warudi kwenye karatasi zao uone watakavyoziangalia kwa jicho jingine. Mishumaa ya kuwasha usibebe, darasani moto hawaruhusu, wao huwa wanatengeneza ya karatasi.

Hayo mengine chapchap. Zile nyumba za biskuti mruhusu ajenge, ni furaha tupu, biskuti zinagandishwa na sukari laini juu ya paketi ya maziwa halafu pipi kila kona, paa linaanguka wanacheka. Ila pipi za mpira mpira, na vile vidude vyeupe vya kuelea kwenye kakao, mashimelo, vingi vina jelatini ya nguruwe, mwalimu hana habari hiyo hata kidogo, siyo ubaya wake. Mwandikie mapema. Columbus mna Wasomali kibao, ingia kwenye duka lao ununue mashimelo za halali pakiti nzima, mpe mwalimu darasa zima wanywee hizohizo na binti yako asikae peke yake. Nyimbo nazo, hii si ni shule ya serikali? Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 1963 shule inaweza kufundisha kuhusu dini ila siyo kuendesha ibada, kwaiyo nyingi utakuta ni za theluji na kengele, na kama kuna wimbo hauutaki sema kabla ya shoo, usisubiri mtoto yuko jukwaani ndo umvute mkono.

Na akija na zile nyota za theluji za karatasi, karatasi imekunjwakunjwa ikatobolewa kwa mkasi, usitupe! Bandika dirishani. Mi zikijaa dirishani kwangu nazionaga kama vile vitambaa vya kufuma tulivyokuwa tunatandika kwenye makochi. Zihesabu ncha, ziwe sita kama theluji yenyewe, wakikunja vibaya zinatoka nane.

SWALI: Sasa Shangazi. Mi ni baba Mkenya, tuko Lowell, Massachusetts. Kuna mzazi amenitumia meseji ati kila mtu atoe dola 20 ya zawadi ya ticha kabla shule ifungwe. Sina shida na ticha ni mtu poa sana, lakini hii mwezi iko tight. Nikikosa kutoa mtoto wangu ataonekana vibaya?
Baba wa Lowell

JIBU: Hapana baba, hataonekana. Huko kwenu sheria iko wazi, mwalimu wa shule ya umma haruhusiwi kupokea kwa mzazi mmoja zawadi ya dola 50 au zaidi, na ile ya darasa zima mwisho dola 150, tena itolewe kwa jina la darasa bila kuonyesha nani katoa ngapi. Kwaiyo toa tano, au usitoe, ticha hatakiwi hata kujua. Mwambie mtoto akae chini amwandikie kadi kwa mkono wake, aandike kitu kimoja alichofundishwa mwaka huu na hatakisahau, basi. Na kama mama yao anataka kupika mandazi muulize ticha kwanza, shule nyingi hazitaki chakula cha kupikwa nyumbani kiingie darasani kwa ajili ya watoto wenye aleji, mtakuja kurudishiwa mandazi yenu yamepoa.