Maswali Yenu ya Nyasi: Uwanja wa Shule, Kivuli cha Mwembe na Lumbugu

Maswali ya nyasi yamekuwa mengi sana, nadhani zile mechi za CHAN pale uwanja wa Namboole mwezi wa nane 2025 ziliwatia watu hamu, na Kombe la Afrika la 2027 linakuja kwetu Uganda pamoja na Kenya na Tanzania, basi kila mtu anataka uwanja wake nao upendeze. Nimechagua manne, la kwanza nimelijibu kwa urefu maana linagusa shule nyingi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo shule moja ya msingi karibu na Jinja. Mbele ya magoli yote mawili ni vumbi tupu, mvua ikinyesha ni matope. Kila likizo ya Desemba tunapanda nyasi, zinashika kidogo, watoto wakirudi Februari hata mwezi haujaisha zimekufa. Mkuu wa shule anasema tuongeze mbolea. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu pole sana, na umwambie mkuu hizo pesa za mbolea azishike kwanza. Shida yenu ni udongo na kalenda. Pale golini watoto wamekanyaga miaka na miaka mpaka udongo umekuwa mgumu kama sakafu, hewa haipiti, maji hayaingii, mzizi unagonga juu juu na kurudi. Hapo hata umwage gunia zima la yurea hakuna kitu.

Chukua jembe la meno, lichomeke chini kama sentimita 10, ulitikise mbele na nyuma kidogo halafu utoe, usipindue udongo, sogea sentimita 15 uchome tena, hivyo hivyo eneo lote. Ni kazi ya jasho kweli, lakini eneo la mita 18 kwa 6 vijana wachache wanalimaliza. Halafu mwaga mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, safu nyembamba tu ya nusu sentimita, kwa goli moja ni kama wilibaro nane au tisa, uufagie uingie kwenye yale matundu. Samadi mbichi usiweke, inaunguza na inaleta magugu.

Sasa kalenda. Desemba huko Jinja mvua za pili zinaisha, Januari na Februari ni jua, halafu ndiyo watoto wanarudi kukanyaga, hizo nyasi zitaponaje? Pandeni mwisho wa mwezi wa nane mvua za Septemba zikikaribia. Tafuta nyasi ya bemuda, ile inayotambaa, vipande vyake vinashika haraka na ikikanyagwa inajiponya yenyewe kuliko paspalum, ile nyasi nyingine ya bustani. Baada ya hapo funga eneo hilo wiki nane. Najua utasema watoto watacheza wapi, basi hamisheni magoli, kama ni ya miti yang'oeni mcheze kwa kukatisha uwanja kwa upana, na mazoezi ya golikipa yasifanyike sehemu moja kila jioni, hilo peke yake linaua nyasi kuliko mechi yenyewe. Zikishashika ndiyo uweke mbolea, yurea gramu 10 kwa mita mraba, yaani kilo moja tu kwa goli moja, wakati majani hayana umande wala maji ya mvua, halafu umwagilie papo hapo. Na ng'ombe wa jirani wasiingie wakati udongo umelowa, kwato zao zitaugandamiza tena.

SWALI: Niko Kisaasi, Kampala. Chini ya mwembe wangu paspalum haikai kabisa, nimepanda mara tatu.

JIBU: Dada, paspalum inataka jua, na bemuda ndiyo mbaya zaidi kivulini. Jaribu nyasi ya kapeti, yenye majani mapana, inavumilia kivuli kuliko hizo mbili. Mwambie kijana apunguze matawi ya chini mwanga uingie, majani ya mwembe yaliyoanguka yafagiwe, na usiikate chini ya sentimita 5. Karibu kabisa na shina acha, weka matandazo tu, pale mwembe unakunywa maji yote na wewe hutashinda.

SWALI: Arua hapa jua ni kali kuanzia Desemba. Kijana wa slasha (fyekeo) anakata mpaka chini kabisa ili akae mwezi bila kurudi. Nyasi zinakuwa za njano. Nimwagilie kila jioni?

JIBU: Mzee wangu, huyo kijana ndiye anayeziua. Kila ukikata usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, kama nyasi zina sentimita 9 zibaki 6. Jani ndilo linalopika chakula cha mzizi, ukilimaliza lote mzizi nao unafupika, halafu kiangazi kinamkuta mmea hana akiba. Kiangazi acheni ndefu zaidi ya kawaida, zifunike udongo usichomwe. Na slasha inolewe, butu inachana jani na ncha zinakauka, hiyo rangi unayoiona nyingine inatoka hapo. Kuhusu maji, kidogo kidogo kila jioni ni kuufundisha mzizi kukaa juu, na majani yakilala na unyevu usiku kuvu linaingia. Mwagilia asubuhi mapema mara moja au mbili kwa wiki lakini ya kutosha, jumla kama jerikeni moja ya lita 20 kwa mita mraba kwa wiki. Kama maji ni ya kununua basi acha zilale, bemuda na paspalum zikikauka juu hazijafa, mvua ikirudi zitachipua.

SWALI: Entebbe. Lumbugu, lile gugu la nyasi, imeingia kwenye lawn yangu, nilime au nipige dawa?

JIBU: Usilime jamani! Lumbugu ina mizizi ya kutambaa chini, kila kipande ukikikata kinachipua mmea mpya, utakuwa umeipanda. Dawa ya 2,4-D inaua magugu ya majani mapana, lumbugu ni nyasi haitashtuka, na glaifoseti inaua zote pamoja na lawn yako. Subiri mvua ilegeze udongo, ingiza jembe la meno, inua taratibu, fuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake, yote uanike juani kwenye simenti, usitupe kwenye mboji. Rudia kila wiki mbili, na pale palipobaki wazi pandikiza nyasi zako siku hiyo hiyo.