Paka wa Kiajemi: mpime figo kabla hajaonyesha dalili

Wanaoniuliza kuhusu Lulu, paka wangu wa Kiajemi, wengi huuliza bei na shampuu. Mimi huanza na figo. Baadhi ya paka wa aina hii wana ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji. Paka mwenye ugonjwa huu huzaliwa navyo vikiwa vidogo mno, vinakua polepole, na mara nyingi dalili hujitokeza akiwa na umri wa miaka 7 hivi, wakati figo zimeshaharibika. Dawa ya kuuondoa haipo. Ila ukiujua mapema utamrekebishia chakula, utamhimiza anywe maji, na hutamzalisha.

Hapo kwenye kuzalisha nasisitiza. Mzazi mmoja mwenye jeni ya ugonjwa huo anatosha kuusambaza. Kwa wastani nusu ya watoto wake wataurithi. Hitilafu yenyewe ya jeni ilitambuliwa mwaka 2004, na siku hizi inapimwa kwa mate yanayochukuliwa kwa pamba ndani ya shavu. Anayekuuzia mtoto wa paka mwombe majibu ya wazazi wote wawili. Akikasirika, ondoka.

Kama kipimo hicho hakipatikani ulipo, tafuta daktari wa mifugo mwenye ultrasaundi. Paka akishatimiza miezi 10 vifuko huonekana vizuri. Lulu alilazwa chali, akanyolewa tumboni kidogo, akapakwa jeli. Daktari akanionyesha figo kwenye skrini na kunieleza kwamba vifuko vingekuwepo vingeonekana kama madoa meusi ya mviringo. Usiridhike na kipimo cha damu peke yake, kwa sababu kreatinini, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, hupanda figo zikiwa zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Halafu nunua mzani. Manyoya ya paka huyu yanadanganya: anaweza kukonda mpaka uti wa mgongo ukachomoza, na kwa macho ukamwona mnene vilevile. Kila mwezi namweka Lulu kwenye kikapu juu ya mzani wa watoto wachanga, natoa uzito wa kikapu, naandika kwenye daftari. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni sawa na mtu wa kilo 80 kupungua 10. Angalia na trei ya mchanga: akianza kukojoa sana na kushinda kwenye bakuli la maji, mpeleke akapimwe.

Kuchana ni kila siku, hasa kwapani na nyuma ya masikio ambako manyoya hufungana. Chanuo likipita, vidole vyangu vinapita nyuma yake kutafuta kupe, vidonda, na mabaka ya choa, ambayo huwaambukiza hata watoto wa nyumbani. Macho yake hutoa machozi kwa sababu ya uso bapa. Nayafuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Joto la Dar linamwelemea, kwa hiyo mchana anakaa ndani penye feni. Chanjo, pamoja na ya kichaa cha mbwa, na dawa ya minyoo fuata ratiba ya daktari.

Na tafadhali, usimpe paka panado hata kipande. Usimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini. Maua ya yungiyungi (lily) usiyaingize ndani kabisa, hata chavua yake akiilamba inaua figo. Akigusana na kimojawapo, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama bado anacheza.