Kabla ya Kuzibwa Ngoma ya Sikio, Uliza Kiraka Kitatoka Wapi

Ngoma ya sikio langu la kushoto ilitoboka, na imezibwa kwa upasuaji mara mbili, kwanza kwa utando wa msuli, kisha kwa gegedu, ile tishu ngumu inayolipa sikio umbo lake. Watu wakiniuliza kipi bora, nami huwauliza: tundu lako ni kubwa kiasi gani, na sikio lako linapitisha hewa vizuri?

Utando unaofunika msuli wa juu ya sikio ndio uliozoeleka zaidi; ulianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mwembamba, hauhitaji damu nyingi ili ushike, na mara nyingi daktari huupata kwenye mkato uleule wa nyuma ya sikio. Kwa tundu la wastani kwenye sikio kavu, yaani lisilotoa usaha, ningeuchagua bila wasiwasi. Lakini unaweza kusinyaa, au kuvutwa ndani pale mrija unaotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua usipofunguka sawasawa. Mrija wangu ni mzito kufunguka, na tundu langu lilikuwa upande wa mbele, ambako damu hufika kwa shida. Likarudi.

Gegedu hukatwa mbele ya tundu la sikio, kwenye kile kinundu unachobonyeza ukitaka kuzuia kelele, au kwenye bakuli la sikio. Ni gumu kidogo, halivutwi ovyo. Niliogopa litaninyima usikivu, maana ngoma ya asili ina unene wa takriban milimita 0.1 tu. Daktari akanieleza kwamba hulichonga hadi nusu milimita au chini yake, na kwamba kwa jumla usikivu hautofautiani sana na wa utando. Tatizo lake ni kwamba halipitishi mwanga: ngozi ikianza kuota nyuma yake, ni vigumu kuiona mapema. Kwa hiyo mwenye gegedu asikose kliniki hata akijisikia mzima.

Mafuta ya ndewe yapo pia, ila hayo ni ya vitundu vidogo.

Kiraka chochote utakachowekewa, usipenge kamasi kwa nguvu, piga chafya mdomo wazi, maji yasiingie. Wiki za mwanzo sikio huziba na kutoa milio midogo kama ya kupasuka. Ni kwa sababu sponji aliyoiweka daktari ndani wakati wa upasuaji bado inayeyuka. Usipime usikivu wako kwa siku hizo. Subiri kipimo cha baada ya miezi michache, na uombe kilinganishwe na cha kabla ya upasuaji.