Dema hakuanguka siku moja

Jumatatu nilipata ujumbe wa dada mmoja: "Mtumishi, nimepoa. Zamani nilikuwa wa moto, sasa hata Biblia sijui nimeiweka wapi. Nifanyeje?"

Kwanza, mimi si mtumishi, ni wakala wa forodha. Ila kupoa nakujua.

Mwaka 2017 nilihamia Tunduma kikazi. Nilikotoka nilikuwa katibu wa kwaya, tena katibu mzuri, niseme tu: mazoezi sikukosa, na michango ya sare niliifuatilia mpaka kwa wale wanaozima simu. Jumapili ya kwanza kukosa ibada, lori la mteja lilizuiwa mpakani. Ya pili, uchovu. Ya tatu sikuhitaji sababu. Sikuiba, sikulewa, ndiyo maana sikushtuka. Miaka miwili ikakatika. Kule kwayani hakuna aliyenipigia simu. Walinitoa tu kwenye kundi la WhatsApp. Nimeshasamehe. Nadhani.

Paulo alikuwa na mtu wa namna hii. Barua zake kwa Wakolosai na kwa Filemoni zinamtaja Dema pamoja na Luka. Ukifika 2 Timotheo 4:10, Dema ameshakwenda zake Thesalonike, ameupenda ulimwengu huu. Hapo katikati hatuambiwi kitu. Mimi hapo katikati napajua: ni Jumapili za kulala.

Aliyenirudisha ni bibi mwenye nyumba. Kuta zilikuwa nyembamba. Alfajiri moja, saa kumi na moja, nikamsikia akiombea wanawe, jirani mgonjwa, kisha: "Na huyu kijana wa chumba cha tatu, Baba, mrudishie wimbo wake." Jina langu hakulijua. Alichojua ni kwamba nilipohamia nilikuwa naimba nikifua, halafu nikanyamaza. Nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka.

Sasa dada yangu, usingoje uwe wa moto ndipo uombe. Amka, omba dakika tano. Kesho amka tena. Usiniambie kazi ni nyingi. Danieli alikuwa mmoja wa wakuu watatu wa ufalme mzima na alipiga magoti mara tatu kwa siku, marufuku ya mfalme ikiwepo. Na urudi kwa watu, hata kama watu ndio waliokuumiza. Mimi tangu 2019 nimekosa alfajiri nne tu. Nazihesabu, ndiyo.

Hukuniandikia jina lako. Si kitu, kesho nitakutaja hivyohivyo: dada wa ujumbe wa Jumatatu.