Takrima, bahasha na mahakama: maswali yenu wiki hii

Mgombea akitupikia pilau si takrima tu? Sheria inaruhusu ukarimu. (Msomaji, Morogoro)

Hairuhusu. Hili nimeshalijibu hapa mpaka nimechoka, na bado kila ukikaribia uchaguzi linarudi kama jipya. Kifungu cha takrima kiliingizwa kwenye Sheria ya Uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikakitupa Aprili 2006, miezi michache baada ya uchaguzi wa 2005. Wapo wapiga kura wa leo waliozaliwa takrima ikiwa imeshazikwa.

Nimesoma hukumu hiyo. Kwa nini majaji walikazania usawa wakati tatizo ni rushwa? (Mwanafunzi wa sheria, Iringa)

Hatimaye mtu aliyesoma kabla ya kuuliza. Waliofungua kesi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi za LEAT (ya wanasheria wa mazingira) na NOLA (ya msaada wa kisheria). Kifungu chenyewe kilisema ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, hautahesabiwa kuwa hongo. Sasa nani awezaye kukirimu jimbo zima? Mwalimu mstaafu mwenye baiskeli, au mwenye malori? Majaji waliona kwamba kifungu kinawagawa wagombea kwa uzito wa mifuko yao, na Katiba, ibara za 13 na 21, inakataza ubaguzi na inampa kila raia haki ya kushiriki uongozi. Kwangu mimi hoja hiyo ina nguvu kuliko ya rushwa. Ukiitwa mla rushwa utabisha kwamba nia yako ilikuwa njema, na nia haipimwi kwa mizani. Ila kwamba mwenzako hana hata hela ya mchele, hilo halibishaniwi.

Na tusiwasingizie wazee wetu. Mgeni hukirimiwa na mwenyeji. Ni mila gani hiyo ambayo mgeni anakuja na sufuria lake, tena mara moja kila miaka mitano?

Mjumbe wa chama akila hela ya mtia nia halafu asimpe kura, ana kosa? (Msomaji, Tabora)

Analo, tangu alipoipokea.

Mbona mahakama hazikomeshi bahasha za kura za maoni ndani ya vyama? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu jaji hatoki ofisini kwenda kuvizia bahasha. Anasubiri aletewe shauri, lenye shahidi na kielelezo. Sheria yenyewe ipo: Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata mchujo wa ndani ya chama, na msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Kinachokosekana ni mlalamikaji mwenye mikono safi.

Niliwahi kukaa nyuma kwenye mkutano wa wajumbe, chama sikitaji. Kijana akapita na karatasi ya mahudhurio: jina, kata, saini. Ukishasaini, unapewa noti ya 10,000 iliyokunjwa mara nne, "nauli". Mama aliyekaa mbele yangu nyumba yake ilionekana pale dirishani, na nauli akapewa. Ipeleke karatasi ile mahakamani: ni orodha ya mahudhurio, basi. Unakumbuka kilio cha watia nia walioangushwa kwenye kura za maoni 2020, "wajumbe siyo watu wazuri"? Wengi waliolia vile hawakuwa wanalilia haki. Walikuwa wanalilia hela zao, na mtu wa namna hiyo huwezi kumtegemea awe shahidi.

Ni kweli kufungua kesi ya uchaguzi lazima uweke milioni 5? (Msomaji, Kigoma)

Ilikuwa hivyo, kabla ya kesi ya Ndyanabo. Bila dhamana ya shilingi 5,000,000, Msajili wa Mahakama hakukupangia tarehe ya kusikilizwa. Aliyesamehewa ni Mwanasheria Mkuu, yaani mtu ambaye halipi kwa hela yake. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Julius Ndyanabo, ikakibatilisha kifungu hicho kwa kuwa kilimfungia maskini mlango wa haki. Bunge likairudisha dhamana kwa sura nyingine: isizidi milioni 5 kwa kila mjibu maombi, na mlalamikaji anaweza kumwomba jaji ampunguzie au amsamehe. Sheria ya uchaguzi imeandikwa upya 2024, kwa hiyo pitia kwa wakili kabla ya masijala. Kama unalenga matokeo ya urais, usijisumbue: ibara ya 41(7) ya Katiba imeshakufungia.

Wamarekani wanatuhubiria, na mahakama yao ilihalalisha makampuni kuwapa wagombea hela 2010! (Msomaji, Dar es Salaam)

Nusu kweli. Katika kesi ya Citizens United, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu yao iliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia hela bila kikomo kumpigia debe mgombea, mradi wasifanye kwa kushauriana naye. Kampuni kumkabidhi mgombea wa ngazi ya shirikisho hela mkononi ni marufuku tangu 1907. Mzizi wa Citizens United ni kesi ya Buckley ya 1976, iliyosema kutumia hela kwenye kampeni ni sehemu ya uhuru wa kusema. Wao waliuliza nani azuiwe kusema. Majaji wetu wa 2006 waliuliza nani hataweza kugombea. Mimi nachukua swali la kwetu.

Nimetumiwa "nauli" kwenye simu na mtia nia. Nifute ujumbe? (Msomaji, Tanga)

Usifute. Ujumbe una jina, kiasi, saa na namba ya muamala, vitu ambavyo bahasha haikuwahi kuwa navyo. Upeleke TAKUKURU. Usiniletee mimi picha yake kama walivyofanya wenzako watatu, mmoja wao akiniuliza kama hela anaweza kubaki nayo.