Mume hataki nipulizie buibui dawa, nifanye akiwa safari?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunaishi Kahawa West, fleti ya chini kabisa. Tangu kifua cha mtoto kianze kumbana, mume wangu amekataa dawa yoyote ya kupuliza ndani ya nyumba, ati buibui watatumalizia mbu na mende. Sasa kila kona ina utando, na usiku nikiingia bafuni kuna kidudu kirefu chenye miguu mingi myembamba kama kope kinakimbia ukutani mbio sana, nikipiga nduru yeye anacheka. Juzi wifi yangu alikuja, akaangalia juu, akauliza hii ni nyumba ya watu ama ni gofu. Nililia akishatoka. Nimeongea na watu wa fumigesheni na nimelipa dipositi, wiki ijayo mume anaenda Kisumu kikazi. Nifanye tu kimya kimya? – Aliyechoka"

Marahaba mwanangu. Usifanye. Naanza na hilo juu wiki ijayo iko karibu na najua pesa ikishalipwa inamsukuma mtu.

Fikiria vile itakuwa. Fleti ndogo, mtoto ambaye kifua tayari kinambana, dawa imepulizwa kwa kuta na nyuma ya makochi, wewe uko peke yako na mtoto huna hata wa kukushikia, halafu mume anarudi anasikia harufu mlangoni. Mtoto akibanwa usiku huo utamwambia nini daktari, na utamwambia nini babake? Hata kama kifua kimebanwa na kitu kingine kabisa, lawama itakaa kwako miaka.

Na dawa yenyewe haitakupa kile unatafuta. Wale mende wadogo wa rangi ya kahawia wa jikoni, jike anabeba mayai ndani ya kifuko kigumu, mayai thelathini hadi arobaini kwa kifuko kimoja, na dawa nyingi haziingii humo. Kwa hivyo unaua wakubwa, baada ya wiki kadhaa watoto wanatoka, na wengine wanapanda kutoka kwa jirani kupitia bomba za maji machafu, na wale waliokuwa wanawala umeshawafagia wakiwa maiti.

Sasa tuongee kuhusu hawa wapangaji wako, manake naona kwa barua umewaweka wote kwa kapu moja.

Yule buibui wa kona ya dari mwenye miguu mirefu myembamba, ukimgusa na ufagio anatetemeka na utando wake wote, huyo hana shida na wewe. Anakula mbu, nzi, na hata buibui wenzake. Kuna mwingine bapa kabisa, amelala ukutani amenyooka hivi, huyo hajengi utando, anatoka usiku kuwinda. Halafu kuna wadogo wanaoruka, wenye macho mawili makubwa mbele, ukisogea wanageuka kukutazama. Hao wadogo nawapenda sana mimi, na kuna kitu kuhusu jamaa yao nataka ujue. ICIPE, hao watafiti wa wadudu wenye makao makuu hapo Kasarani, si mbali na kwako, wana kituo Mbita kando ya Ziwa Victoria, na huko amechunguzwa buibui mrukaji anayeitwa Evarcha culicivora. Anaishi kwa kuta za nyumba za watu, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu, na zaidi akiwa Anopheles, huyo wa malaria. Utafiti huo ulichapishwa 2005, halafu 2011 ikaonyeshwa kwamba anavutwa na harufu ya soksi ambazo mtu amevaa, yaani anafuata harufu ya binadamu kwa sababu mbu naye anaifuata hiyo hiyo. Huyo ni wa upande wa ziwani, sisemi ndiye yuko kwa ukuta wako Kahawa, na neti ya mtoto usiitoe hata siku moja kwa sababu ya buibui yeyote. Lakini ujue mume wako hajaokota maneno hewani.

Huyo wa bafuni naye, vile umemweleza, ni tandu wa nyumbani. Sio tandu yule mnene bapa wa shambani, mwenye miguu mifupi, anayejificha chini ya mawe na kuingia kwa nyumba mvua ikizidi. Huyo wa shambani anauma vibaya sana na ukimwona toa, usimwache hata dakika. Wa nyumbani akishakua ana jozi kumi na tano za miguu, mirefu, anakimbia kuliko mende, na chakula chake ni mende wadogo, kunguni, mchwa, hata buibui. Asili ya yule anayejulikana zaidi ni nchi za Mediterania, akasambaa duniani na mizigo ya watu. Sumu anayo, ya kuua windo, lakini kuuma mtu ni nadra na akiuma maumivu yanakaribia ya nyuki. Anachotaka ni unyevu. Mwili wake unakauka haraka, ndio maana unamkuta bafuni na sio sebuleni.

Na hapo mwanangu ndipo una nguvu bila dawa. Kuna maji yanavuja mahali kwa hiyo bafu ama chini ya sinki. Mfereji ukitengenezwa, dirisha likifunguliwa mchana pakauke, shimo la maji machafu likiwekwa kifuniko cha wavu, huyo tandu hatakuwa na sababu ya kukaa, na mende watapungua pia juu mende anahitaji maji zaidi ya vile anahitaji chakula.

Nataka mumeo asome sehemu hii, mpe simu. Baba, uko sawa kukataa dawa ya kupuliza mtoto akiwa na kifua. Lakini buibui hawamalizi mende, wanapunguza tu, na ngozi na uchafu wa mende ni kati ya vitu vinavyojulikana sana kuamsha pumu kwa watoto. Kwa hivyo huwezi kukataa dawa halafu ukae kwa kochi useme buibui watafanya. Ukikataa dawa, umejipa kazi: mfereji ni wako, nyufa nyuma ya kabati ni zako kuziba, takataka inatoka kila usiku kabla ya kulala, unga na sukari vinakaa kwa mikebe yenye kifuniko. Kunguni wakiingia usingoje tandu hata kidogo, nguo za kitanda zinafuliwa kwa maji moto sana na unaita mtu anayejua. Na ukimcheka mke wako akipiga nduru bafuni saa tano usiku, unamfanya aone yuko peke yake kwa hiyo nyumba, na ndio unaona amefika mahali pa kulipa dipositi bila kukuambia. Hofu ya wadudu sio ujinga. Inuka uende ukatoe huyo mdudu, glasi juu, kadi chini, peleka nje.

Turudi kwako. Kuhusu utando, sikiliza vizuri juu hapa ndipo wifi alikuumiza. Angalia utando kwa karibu ukiwa na tochi ya simu. Ule unaotumika ni mwembamba, karibu hauonekani, na mwenyewe yuko hapo ndani ama pembeni. Ule mweusi mweusi unaoning'inia, umeshika vumbi na moshi wa jikoni, mwenyewe ameshauhama, haunasi tena kitu, na ndio huo wifi aliona. Fagia huo mweusi wote. Kila Jumamosi, bila kuomba ruhusa ya mtu, na mume hawezi kusema umemfukuzia walinzi wake. Juu ya kitanda cha mtoto na juu ya meza ya chakula fagia kila kitu, hata unaotumika, buibui atajenga kwingine. Kona ya stoo, nyuma ya friji na juu ya dirisha la jikoni, hapo waachie.

Nje kwa sanduku la mita na chini ya viti vya plastiki angalia buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa tumboni chini, mayai yake yako kwa kifuko cha mviringo chenye vimiiba. Huyo kuumwa naye kunauma kweli, usimshike na mkono, na watoto wasicheze hapo. Na siku mtaamka mtu ana malengelenge yamejipanga mstari kwa shingo, msikimbilie kumlaumu buibui, hasa wakati wa mvua. Mara nyingi ni Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Haumi, sumu inatoka akipondwa kwa ngozi. Mpulize kwa mdomo atoke, usimpige kofi, na osha hapo na sabuni mara moja.

Mtoto apelekwe kliniki wiki hii, kabla ya safari. Kifua kinachobana mara kwa mara kinahitaji kusikilizwa na daktari, na mwambie kuhusu unyevu wa hiyo bafu na mende.

Kuhusu dipositi, wapigie hao watu leo. Waulize kama wanaweza badala yake kuweka jeli ya mende, yale matone madogo yanayowekwa kwa nyufa na kwa bawaba za kabati mahali mkono wa mtoto haufiki, na waulize kama dawa yao imesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu. Wakikubali, panga siku mume yuko nyumbani na umwambie ukweli kwamba ulikuwa umeshalipa. Mwambie kabla hajafunga begi, akishakula, na usianze na wifi, anza na bafu. Dadake aongee naye mwenyewe akiwa ametulia, sio wewe ubebe hiyo. Na keateka akikuzungusha kuhusu mfereji piga picha ya maji yakivuja, mtumie landilodi moja kwa moja kwa WhatsApp, na uiweke hiyo mesej.