Tumbo la chai ya maziwa na vidonge vya vimeng'enya

Shoga, umeuliza kama ununue vidonge vya vimeng'enya, vile vinavyovunja chakula tumboni, kwa kuwa kila ukinywa chai ya maziwa tumbo linajaa na kunguruma. Tazama kwanza kwenye kopo wameandika nini. Kwa maziwa unataka laktesi, ndiyo inayovunja laktosi, ile sukari ya maziwa. Umeze na funda la kwanza, si baada ya saa nzima tumbo limeshavimba. Gesi ya maharage ya nazi ina kimeng'enya chake, alfa-galaktosidesi. Kidonge chenye papaini tupu, kimeng'enya cha papai, hakikufai: hicho huvunja protini, ndiyo maana kwetu Wete nyama ya mishikaki tunaipaka papai bichi ilainike. (Nimewahi kuisahau usiku kucha, asubuhi nikakuta uji.)

Mimi ningeacha maziwa wiki mbili kwanza nione, au ninywe mtindi, maana laktosi yake imepungua. Lakini kama unakonda, au choo kina damu ama mafuta yanayoelea, wachana na duka la dawa, nenda hospitali. Kongosho, kile kiungo cha ndani kinachotoa vimeng'enya, likishindwa kazi, vimeng'enya vyake huandikwa na daktari.